Barua zenu: umeomba chuo, namba ya siri imeenda kwenye simu ya nani?

Matokeo ya fomu siksi yakishatoka, mezani kwangu hapatoshi. Barua na meseji za mwezi huu karibu zote ni udahili na mkopo. Nimechagua chache, zilizobaki zinafanana na hizi kwa hiyo kama yako haipo soma ya mwenzio, jibu lako limo humo humo. Majina nimeyatoa kama kawaida yetu, nimeacha tu mtu anakotoka.

*Shikamoo mwalimu. Nimemaliza sita mwaka huu kombi ya HGE. Niliombewa chuo steshenari, kaka wa pale akaniombea vyuo vitatu. Majina yametoka nimechaguliwa vyuo viwili, naambiwa nithibitishe kimoja kwa namba ya siri iliyotumwa kwa meseji, kwenye simu ya mama hakuna meseji yoyote. Nimerudi steshenari yule kaka ameacha kazi na paswedi alikuwa nayo yeye. Zimebaki siku chache. Mama aliuza mahindi kupata hela ya kuombea, sijamwambia kitu. (Mpanda)*

Marahaba mwanangu. Usianze kulia, nafasi yako bado ipo. Kilichopotea ni meseji, na meseji inaombwa upya. TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, wakiona mtu kachaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatumiwa namba ya siri kwenye simu aliyojaza wakati anaomba, na mi sina shaka namba iliyojazwa kule ni ya yule kaka. Kwa hiyo fanya hivi leo, kesho ni mbali. Kwanza amua unataka chuo kipi kati ya hivyo viwili, usishike simu ukiwa bado unayumba. Halafu piga ofisi ya udahili ya chuo hicho, namba zao ziko kwenye tovuti yao, wape namba yako ya mtihani ya fomu foo na ya siksi, waambie unaomba wabadilishe simu na imeili kwenye akaunti yako. Watataka kujua kama kweli ni wewe, kwa hiyo uwe umeshapiga picha cheti cha kuzaliwa na matokeo yako, na kama una namba ya NIDA iweke karibu. Wasipopokea (na wiki hizi simu zao zinaita mpaka zinachoka) tuma imeili, na papo hapo tafuta ndugu au jirani yeyote aliyeko mji huo aende mwenyewe ofisini kwao na barua yako. Wakishabadilisha unaingia kwenye mfumo wa chuo, kuna sehemu ya kuomba namba ya siri itumwe tena, ikija unaiweka unathibitisha, halafu unapiga picha ile skrini inayosema umethibitisha. Kile chuo cha pili achana nacho.

Na mama mwambie leo leo. Mahindi ni yake, ana haki ya kujua yamefika wapi, na isitoshe utahitaji simu yake.

Sasa naongea na wengine ambao bado hamjabanwa. Kuanzia 2010 TCU walikuwa na mfumo mmoja wa pamoja, ule wa CAS, unaomba mara moja unapanga kozi zako kwa mpangilio unaotaka, mfumo unakupangia. Mwaka 2017 ukasimamishwa, tangu hapo kila mtu anaomba mwenyewe moja kwa moja chuoni. Faida ipo, hupelekwi tena chuo ambacho hukukiota hata usingizini. Ila ona upande wa pili: vyuo vitatu maana yake akaunti tatu, paswedi tatu, kontroli namba tatu na shilingi 10,000 mara tatu. Na anayetakiwa kufanya yote hayo ni mtoto aliyekaa bweni simu marufuku, hana imeili, laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la mjomba. Kaka wa steshenari ana foleni mpaka barabarani, anajaza namba yake ili mambo yaende, wala sio kwamba wote ni wezi. Lakini kuanzia dakika ile chuo kinaongea na yeye, wewe haumo kwenye mazungumzo.

Watu wanaposema mtandao umefungua milango ya vyuo kwa watoto wa kijijini mi nakubali nusu. Kweli zamani ilibidi usafiri au utume fomu kwa posta, leo mtu wa Mpanda anaomba Mbeya, Morogoro na Dar bila kupanda basi. Nusu nyingine inategemea akaunti ni ya nani. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote fungua imeili yako mwenyewe, ni bure, weka namba ya simu ambayo miezi mitatu ijayo bado itakuwa kwenu nyumbani, paswedi andika kwenye daftari, na kabla hajabonyeza kutuma mwambie ageuze skrini usome kila mstari. Akikunja uso mwache akunje.

*Salaam mwalimu. Binti yangu yuko kambini JKT kwa mujibu wa sheria na dirisha la vyuo limeshafunguliwa. Je naruhusiwa kumwombea mimi? Nijaze simu yangu au yake ambayo imezimwa iko kabatini? (Tandahimba)*

Salaam ndugu yangu. Mwombee tu, wazazi wengi wanafanya hivyo, na jaza simu yako hiyo unayotembea nayo. Ya kabatini haitapokea meseji ya mtu. Imeili fungua kwa jina lake ili akitoka umkabidhi. Kitu kimoja nakusihi, kozi usimchagulie kichwani mwako. Tafuta namna ya kuongea naye hata dakika tano akutajie kozi na vyuo kwa mpangilio, maana mzazi anamwandikia mtoto ualimu kwa sababu ajira ziko huko (au alisikia ziko huko) mtoto anatoka kambini anakuta ameshathibitishwa, ugomvi unaanza mwezi wa kumi na haumaliziki. Walio fomu siksi sasa hivi, orodha ya kozi iacheni nyumbani kabla hamjaripoti kambini.

*Mwalimu mi nina hasira. Nina Division One ya PCB, nimeomba udaktari vyuo vyote vinne, nimekosa vyote awamu ya kwanza, na kuna jamaa tulisoma wote ana pointi mbaya kuliko mimi kapata chuo. Hii sio rushwa? (Arusha)*

Jamaa yako ameomba kozi gani? Hukuniambia, nahisi sio udaktari. Ile iliyoandikwa kwenye mwongozo wa TCU ni sifa ya chini, ukiwa nayo umeruhusiwa kuingia kwenye foleni basi. Nani anachukuliwa inategemea waliojitokeza na nafasi zilizopo, na udaktari kila mwenye PCB nzuri nchi nzima anautaka. Mwongozo huo huo, karibu na jina la kila kozi, umeandika idadi ya nafasi. Watu wanaruka hiyo safu wanasoma sifa tu. Isome. Kozi yenye nafasi chache kwenye chuo kinachojulikana, hiyo ni ya kujaribu bahati, halafu unaweka na nyingine ambayo unaipenda kweli ina nafasi nyingi zaidi. Wewe umeweka udaktari mara nne, yaani umejaribu bahati mara nne.

Awamu ya pili ipo, tumia. Weka udaktari pale ambapo nafasi zimebaki, chuo chenyewe kinatangaza kozi zilizobaki wazi, na weka famasi, maabara, uuguzi wa digrii au ualimu wa sayansi kama mojawapo inakugusa. Kama hakuna inayokugusa na unaweza kukaa mwaka mmoja ukaomba tena, hilo nalo ni jibu, ila liongee na wazazi kwanza.

*Shikamoo. Nilisoma HGK nikapata D ya History, E ya Geography na S ya Kiswahili. Rafiki zangu wanasema nina principal mbili kwa hiyo naweza kwenda digrii, mfumo kila nikijaribu unanikatalia. Nimelipia vyuo viwili mpaka sasa. (Kibondo)*

Marahaba. Acha kulipia, mfumo uko sahihi. Principal, yaani ufaulu wa A mpaka E, unazo mbili kweli ila lazima zifikishe pointi 4.0. Hesabu yenyewe kwa waliomaliza 2016 kuendelea: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S (subsidiari) ni nusu pointi ila haihesabiki kwenye zile mbili. Wewe D na E ni 3. Umepungukiwa moja, hata ungeomba vyuo arobaini majibu ni yale yale, kwa sababu mfumo unavuta matokeo yako NECTA (baraza la mitihani) na kupiga hesabu wenyewe. Wenye D mbili wanafika, wenye C na E wanafika, na kozi nyingi zinataka zaidi ya hapo au zinataka masomo fulani hasa, kwa hiyo hesabu hii fanyeni mezani na peni kabla ya kutoa elfu kumi.

Una njia mbili nzuri. Ya kwanza diploma. Kwa principal moja na subsidiari moja unaweza kuingia diploma kupitia vyuo vilivyo chini ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), ukimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi unarudi kuomba digrii. Hapo kumbuka kitu kinaitwa AVN, ni namba ya kuthibitisha diploma yako ambayo unaiomba NACTVET, bila hiyo mfumo wa chuo kikuu haukutambui hata uwe na GPA ya kung'aa, na watu wanaikumbuka siku ya mwisho wa dirisha, wanakuta wenzao wote nao wameikumbuka siku hiyo hiyo. Iombe mapema matokeo yako ya mwisho yakishatoka.

Njia ya pili ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ile watu wanaiita faundesheni. Wanataka angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya fomu siksi, wewe unazo na zaidi, ukifaulu kwa GPA ya 3.0 na masharti yao mengine inahesabika kama sifa ya kuingia digrii. Inafaa kwa mtu ambaye anaweza kujisomea bila kusukumwa, asiyeweza aende diploma, huko kuna kengele na mwalimu anayekuuliza jana ulikuwa wapi.

*Mwalimu heshima yako. Baba yetu alifariki nikiwa mdogo tukamzika kijijini, cheti cha kifo hatukuchukua. Naomba mkopo, mfumo unataka uthibitisho wa kifo. Mtu ameniambia nijaze tu kwamba baba yupo hai ili fomu ipite. (Same)*

Heshima ni yako mwanangu, na pole. Usijaze kwamba yupo hai. Ukijaza hivyo wataanza kuuliza kazi yake na kipato chake, utatunga, na Bodi ya Mikopo ikikupima kwa huo utungaji inakuona una baba anayekusomesha. Yaani unajinyima mwenyewe kile ulichostahili kupewa kwa kuwa yatima. Kwenye mambo ya mkopo hili ndo linaloniumiza kuliko yote, maana waliozikwa bila karatasi ni ndugu za wale wale ambao mkopo ulianzishwa kwa ajili yao. Familia yenye wakili Dar cheti cha kifo kinapatikana ndani ya wiki.

Kifo cha zamani kinasajiliwa, wanasema usajili uliochelewa. Anza kwa mtendaji wa kijiji mlikomzika, akupe barua inayoeleza marehemu ni nani, alifariki lini, kazikwa wapi, na kama alifia hospitali au zahanati kaulizeni kumbukumbu huko pia. Mwanafamilia mkubwa, mama au baba mkubwa, aende nayo ofisi ya RITA (wasajili wa vizazi na vifo) ya wilaya, mara nyingi iko pale pale kwa mkuu wa wilaya, watawaambia kinachopungua. Cheti kikitoka bado kuna hatua moja: kihakikiwe kwenye mfumo wa RITA mtandaoni, unakiskani unakipandisha unalipia unasubiri majibu. Hivyo hivyo na cheti chako cha kuzaliwa. Waliozaliwa Zanzibar wanahakiki kwa ZCSRA, wasajili wa huko, sio RITA. Haya yote yana siku zake na dirisha la mkopo lina siku zake, ndo maana watoto wenye wazazi waliofariki nawaambia waanze wakiwa fomu faivu, matokeo yasubiriwe vyeti vikiwa tayari vimeshahakikiwa.

Mengine kwa kifupi. Namba ya mtihani ya fomu foo utakayoingia nayo kwenye OLAMS (mfumo wa kuombea mkopo) iwe ile ile uliyoombea chuo, wale waliorudia mtihani mna namba mbili mnachanganya halafu Bodi haiwaoni kwenye orodha ya chuo. Fomu inasainiwa na mwenyekiti wa mtaa au kijiji na wakili au hakimu, ukurasa wa saini ukisahaulika maombi hayajakamilika hata uwe umelipa. Kama nyumba yenu ni wanufaika wa TASAF sema, hapo hakuna aibu. Kama ulisoma shule ya kulipia kwa kufadhiliwa weka barua ya mfadhili, usipoiweka inaonekana ada ililipwa na kwenu. Na ukipewa kidogo kuliko ulivyotegemea kuna dirisha la rufaa, bumu la wengine lilipatikana kwenye rufaa.

*Habari mwalimu, mimi nasoma gazeti lenu nikiwa Kwale, Kenya. Kijana wangu amepata C plain KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari. Jamaa wa saiba (duka la intaneti) anasema ana mtu ndani ya KUCCPS wanaopanga wanafunzi vyuoni, nikimpa elfu tano ataingizwa digrii. Nimwamini? (Kwale)*

Nzuri ndugu yangu, na hapana, usimpe hata mia. Digrii huko kwenu inaanzia C plus, na alama haziandikwi na mwombaji wala mtu wa saiba, zinatoka KNEC, baraza lenu la mitihani. Hata akikuonyesha skrini yenye jina la kijana na jina la chuo, skrini zinatengenezwa. KUCCPS iliwekwa na sheria ya vyuo vikuu ya 2012 ikachukua kazi ya ile JAB ya zamani, na mfumo wao unaonyesha hata pointi za mwisho walizoingia nazo watu wa mwaka uliopita kwa kila kozi, yaani kila kitu unaweza kukiona mwenyewe bila mtu wa ndani. (Hiki wenzetu wametuzidi, sisi huku bado tunakisia.)

Kijana wako kwa C plain hajaachwa nje. Mfumo ule ule unapanga watu diploma kwenye vyuo vya ufundi na vya kati, diploma inaanzia C minus, na ya kwake akiimaliza vizuri anaweza kuendelea digrii baadaye. Achague kitu chenye mikono, umeme, mambo ya bahari, hoteli, yuko pwani huyo. Akishapangiwa ajue kupangiwa sio kulipiwa, ada anaomba kivyake kwenye mfumo wa ufadhili na HELB, bodi yenu ya mikopo. Na akaunti yake aifungue yeye, abadilishe paswedi ile ya mwanzo, kwa sababu jamaa wa saiba anayejua namba ya cheti cha kuzaliwa na namba ya mtihani ya mtoto wako anajua vitu vingi mno.

*Mwalimu shikamoo, mimi nipo fomu faivu Mwanza. Nimeona TikTok mtu anasema kwa Common App unaomba vyuo ishirini vya Marekani bure na unapata full skolashipu. Ni kweli au wanatudanganya? Na kama kweli naanzaje? (Mwanza)*

Marahaba. Kuna ukweli umechanganywa na mbwembwe. Common App ipo tangu 1975, ilianza na vyuo 15 sasa ina zaidi ya 1,000, unajaza taarifa zako na insha moja kubwa isiyozidi maneno 650 halafu unatuma kwa vyuo mpaka 20. Ada ya kuomba unaweza kuomba usamehewe humo humo. Hapo TikTok amesema kweli. Alipokosea ni skolashipu, Common App yenyewe haitoi hata senti, hela inatoka kwa chuo kimoja kimoja na vingi mno havina hela ya kumlipia mgeni kila kitu. Vichache kama Harvard, Yale, Princeton na Amherst wanachagua mgeni bila kuangalia kama anaweza kulipa na wakimchukua wanaziba pengo lote, ila wanachukua wachache kupita maelezo. MIT nao wako hivyo, ila hawamo kwenye Common App, wana mfumo wao. Kwa hiyo orodha ya vyuo 20 bila kusoma ukurasa wa misaada ya wageni wa kila kimoja ni kujichosha.

Kitakachokukwamisha nakwambia mapema ni mkuu wa shule. Mfumo unataka mtu wa shule apakie ripoti ya shule na matokeo yako ya miaka ya nyuma, na walimu waandike barua za kukupendekeza, wote wanatumiwa linki kwa imeili. Mkuu wako ana imeili anayoifungua? Wengi WhatsApp ndo kila kitu, imeili ya shule paswedi aliondoka nayo mhasibu wa zamani. Ukiwa fomu faivu bado una muda, mwendee kwa heshima na mwalimu wa taaluma awepo, mweleze, msaidie kufungua imeili ya kazi hiyo, mkumbushe bila kumchosha. Wenzako wa Nairobi na Accra kwenye shule kubwa wana mtu ameajiriwa kwa kazi hiyo tu, wewe mtu wako ni huyo huyo anayefuatilia chakula cha bweni na mitihani ya kanda.

Tarehe nazo. Common App inafunguka tarehe 1 Agosti na vyuo vingi vinafunga mwanzoni mwa Januari, matokeo yako ya siksi yanatoka Julai. Kwa hiyo ama unaomba ukiwa fomu siksi kwa alama ambazo walimu wanakukadiria, ama unamaliza, unapata matokeo, unaomba na kuanza mwaka unaofuata. Ya pili inakupa utulivu zaidi, na huo mwaka wa kusubiri chukua chuo cha hapa kama umepata, hakuna anayekukataza. EducationUSA, huduma ya ubalozi wa Marekani, ushauri wao ni bure, waandikie. Na masharti ya viza yanabadilika badilika, yasome kwenye tovuti ya ubalozi kabla hujaanza kuaga watu mtaani. Wakala akikwambia atakuandikia insha kwa laki tatu mkimbie, insha zao zinafanana zote, zina bibi na kibatari.

*Mwalimu mimi ndo mwenye steshenari. Kila mwaka mnatusema vibaya. Hawa watoto wanakuja hawana imeili, hawana simu, hawajui wanataka nini, bando yangu, umeme wangu, na wengine nawaombea kwa mkopo hawarudi kunilipa. Bila sisi nani angewaombea? (Kahama)*

Ndugu yangu wa Kahama, nakuunga mkono zaidi ya unavyodhani. Shule zenyewe zingeweza kufanya hii kazi, kompyuta zipo kwenye baadhi, walimu wapo, lakini fomu siksi wakishamaliza mtihani wa mwisho shule inawasahau na anayebaki nao ni wewe. Unastahili kulipwa na ulipwe.

Ninachokuomba hakikupunguzii hela. Simu ujaze ya mtoto au ya mzazi wake, kama hana mwambie aende aje na mzazi. Imeili mfungulie yake, ongeza bei ya hiyo kazi ukitaka. Paswedi achague yeye aiandike yeye. Kozi usimchagulie, akisema "weka yoyote" mrudishe nyumbani na mwongozo kwenye simu ya mtu asome kwanza. Na kila anayetoka pale kwako atoke na karatasi moja yenye majina ya vyuo alivyoomba, jina la kuingilia, imeili, namba ya simu iliyojazwa na kontroli namba za malipo, wewe usibaki na nakala ya paswedi. Wale wanaokukopa nao waandike namba ya mzazi hapo hapo chini ya karatasi, nakala yako ukate ubaki nayo, utawapata. Nimeshatengeneza mfano wa hiyo karatasi kwa ajili ya wanafunzi wangu, ukurasa mmoja tu. Niandikie nikutumie, wewe utachapa na kuweka jina la duka lako juu.